Fundi Aliyejazwa Roho

Soma kwa ajili ya somo hili: Kut. 25:31–40, 31:1–18, 32:1–6, 35:1–35, 36:1–7, 38:8, Mit. 3:19, 20.

Fungu la kukariri: Kutoka 35:31. (Darasa lilisome kwa pamoja.)

Mshonaji amekaa mbele ya kitambaa cha mteja, mkasi mkononi, wala haoni pa kuanzia. Kijana anayetengeneza kadi za harusi na mabango amefungua kompyuta, na ukurasa umebaki mweupe saa nzima. Seremala ameagizwa mimbari mpya ya kanisa. Anajua kuranda na kuunga mbao, ila hajui mimbari hiyo ifananeje. Watu wa kazi hizi wamo katika madarasa yetu ya Shule ya Sabato. Huwaombea watoto wao, huomba wapate wateja na kodi ya chumba, lakini ni nadra kumsikia mmoja wao akiomba kile anachokihitaji hasa, yaani wazo. Huenda anadhani ni jambo dogo mno, au la kidunia mno, kupelekwa kwa Mungu.

Roho wa Mungu na patasi

Soma Kutoka 31:1–6. Je, Besaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi gani?

Tukiisoma Biblia tangu mwanzo wake, mtu wa kwanza kutajwa kwa jina kwamba Mungu amemjaza Roho si nabii wala kuhani. Ni fundi. Besaleli, ambaye jina lake kwa Kiebrania lina maana ya “katika kivuli cha Mungu,” alipewa hekima, ufahamu na maarifa. Maneno hayohayo matatu ya Kiebrania yanatumika katika Mithali 3:19, 20 kueleza jinsi Bwana alivyoumba mbingu na dunia. Kwa hiyo anayebuni kitu kizuri, akiwa katika mapenzi ya Mungu, anafanya kwa kipimo kidogo kile ambacho Muumbaji alifanya kwanza.

Hata hivyo tusiharakishe kusema kwamba Besaleli alilala hajui kitu akaamka fundi. Aya ya 6 inasema Mungu alitia hekima mioyoni mwa wale waliokuwa na hekima tayari. Israeli walikuwa wametoka Misri, nchi ya wafua dhahabu na wafumaji wa kitani safi. Biblia haisemi Besaleli alifundishwa na nani, lakini ilimpasa mtu kujua moto na nyundo kabla ya kukabidhiwa talanta nzima ya dhahabu. Mtu asiyetaka kujifunza kazi yake, kisha akaomba Roho amletee wazo, anaomba mavuno ya shamba ambalo hakulilima.

Yaliyoandikwa na yasiyoandikwa

Soma Kutoka 25:10, 23 na 31–40. Linganisha agizo la sanduku na la meza na agizo la kinara cha taa. Je, ni kitu gani kinakosekana katika lile la kinara?

Sanduku lina vipimo: dhiraa mbili na nusu urefu, moja na nusu upana, moja na nusu kimo. Meza nayo ina vipimo. Kinara tunaambiwa matawi yake sita, vikombe vyake vilivyofanana na maua ya mlozi, na uzito wa dhahabu yake. Kimo chake hakikuandikwa. Makerubi nao tunaambiwa nyuso zao zielekee wapi, hatuambiwi zifananeje. Musa alioneshwa mfano mlimani, na bila shaka alieleza alichokiona. Lakini kati ya maelezo na dhahabu iliyo motoni kuna mengi ambayo fundi mwenyewe hana budi kuyaamua. Ndiyo maana Kutoka 31:4 inataja kuvumbua, wala si kutekeleza tu.

Wabunifu wengi hudhani kwamba wazo jema huja pale mtu asipowekewa mpaka. Besaleli aliwekewa mipaka mingi, na ndani yake akapata nafasi. Wanaovaa kanga wanalijua jambo hili. Kanga ina pindo, ina mji, ina maneno yake. Mchoraji hawezi kuviondoa, maana haitakuwa kanga tena. Je, michoro ya kanga imewahi kwisha?

Angalia pia mahali wazo lilipotolewa. Mlozi ni mti ambao katika nchi za Biblia huchanua mapema kuliko miti mingine, baridi ikiwa bado haijaisha. Umbo la kinara kilichowaka mbele za Bwana lilitokana na ua ambalo mchungaji yeyote angeliona njiani. Kisha soma Kutoka 38:8. Vioo vya zamani vilikuwa shaba iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Wanawake waliotumika mlangoni pa hema walivitoa, na shaba iliyokuwa ya kujitazamia uso ikawa birika ambalo makuhani walinawia kabla ya kuhudumu. Fundi alitazama alicholetewa, akaona ndani yake kitu kingine. Anayelalamika kwamba hana programu ya kisasa wala kitambaa cha bei na aisome aya hiyo mara mbili.

Haruni naye alikuwa na mteja

Katika sura ya 32 tunakuta pete za dhahabu za watu walewale, na patasi, na mtu mwenye mikono inayojua kuitumia. Haruni hakuhangaika kutafuta wazo. Wateja walisimama mlangoni wakitaka kazi yao upesi, na umbo lilikuwa tayari, kwa maana Misri iliwaheshimu mafahali kama miungu. Alichukua kilichokwisha kuonekana kwa majirani akakitia katika dhahabu.

Majaribu hayo hayajaondoka. Mchoro wa mtu mwingine unapatikana kwenye simu kwa dakika moja. Ukibadilisha rangi na kuweka jina lako, amri ya nane bado inakuhusu. Mteja wa bango la bia au la kamari hulipa vizuri na hulipa kwa wakati, tofauti na sisi kanisani, ambao (niseme ukweli) huagiza bango la makambi Jumatano, tukalitaka Ijumaa, tena bure. Kwa ajili ya Besaleli watu walileta vifaa kila asubuhi mpaka wakazuiwa wasilete tena (Kut. 36:3–7).

Jua linapotua

Soma Kutoka 31:12–17. Kwa nini agizo la Sabato limewekwa mara tu baada ya kuitwa kwa Besaleli?

Neno la Kiebrania linaloanzisha agizo hilo katika aya ya 13 lina maana ya kuweka mpaka, kana kwamba Mungu anasema: kazi hii nimeiagiza mimi, lakini hata hii itasimama. Musa alilirudia jambo hilo kabla ya vifaa kukusanywa (Kut. 35:1–3). Kama kulikuwa na kazi ambayo mtu angeweza kuitetea kwamba iendelee siku ya saba, ni ya kujenga hema ya Mungu mwenyewe. Haikuruhusiwa.

Sasa mfikirie yule kijana wa mabango. Ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Wiki nzima hakupata kitu, na sasa wazo ndiyo kwanza linafunguka. Mteja anataka kazi Jumapili asubuhi. Akifunga kompyuta, anaogopa kwamba wazo litapotea na mteja ataenda kwa mwingine. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Kodi yake inategemea kazi hiyo. Lakini aliyempa wazo saa kumi na moja hakupungukiwa, na Besaleli aliweka nyundo chini wakati kinara hakijakamilika.

Wengine siku hizi hufundisha kwamba pumziko huleta mawazo mapya, na ni kweli kwamba mara nyingi huleta. Ila anayeishika Sabato ili Jumapili awe na mawazo mengi bado yuko kazini. Siku ile tumepewa ili tumjue Bwana atutakasaye. Matunda mengine yakija, yaje.

Maswali ya kujadili

1. Mbunifu ameketi kanisani, na katikati ya hubiri wazo alilolitafuta wiki nzima linamjia. Mimi naona wazo lenyewe si kosa, bali kulichora ndiko kuanza kazi. Je, darasa lenu linaonaje? Alifanye nini wazo hilo hadi jua litue?

2. Besaleli na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha wengine (Kut. 35:34). Ni fundi gani katika kanisa lenu ana ustadi ambao hakuna kijana anayejifunza kwake? Ni nini kinachozuia?