Mlaji Miraa na Hiari Yake



Watu wawili wamemtaja mlaji miraa aliyeiacha nyumba yake bila ya unga. Wa kwanza asema: "Ni mpotovu, hana haya." Wa pili asema: "Mwacheni, ubongo wake umeshikwa." Ni yupi aliyesema kweli?

Hapa Isiolo swali hili si la vitabuni. Magari hushuka mbio kutoka Maua, milimani Nyambene, yamechukua miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Mbio hizo zina sababu. Ndani ya jani bichi mna kathinoni, dawa iliyotambuliwa na wataalamu mwaka 1975. Jani likinyauka, kwa siku mbili tatu hivi, dawa hiyo hugeuka kuwa dhaifu.

Ubongo una wajumbe wake. Mmoja ni dopamini, ambaye humwambia mtu: "Hili ni jema, lirudie." Akiisha kufikisha ujumbe, protini iliyo mlangoni mwa chembe humrudisha ndani. Kathinoni humpindua bawabu huyu, naye badala ya kumrudisha mjumbe humtoa nje kwa wingi. Ndipo mlaji huchangamka, asisikie njaa wala usingizi. Nayo ndiyo hali waiitayo handasi. Lakini ubongo hujihami. Kwa waliozoea dawa kali zaidi za jamii hii, protini zinazompokea mjumbe zimeonekana kupungua. Na hapo mambo ya kila siku hupoteza ladha.

Basi kila mmoja amesema nusu ya kweli. Protini haikumpeleka mtu barazani siku ya kwanza. Wala siku ya mia hana tena nguvu zile zile za kukataa. Hiari yake imepungua, haikutoka. Mwenye mguu mbovu halaumiwi kwa kuchechemea. Huulizwa kama ameitafuta dawa.

Ibn Hajar al-Haytami, aliyeandika juu ya majani haya katika karne ya 16, hakukata kuwa ni haramu, bali alinasihi yaepukwe. Nasaha hiyo humfaa zaidi yule ambaye bawabu wake bado hajapinduliwa.

Na ikiwa hiari hupungua siku hata siku, yatupasa tujiulize: lawama iliyo kubwa ni ya mlaji aliyeshindwa, au ni yetu sisi tuliomwona kijana akipewa kifungu chake cha kwanza, tukanyamaza?