Kabla ya Siku ya Mtihani



Danieli hakuanza kusali siku mfalme Dario alipotia sahihi amri ya kukataza sala kwa siku 30. Kupiga magoti mara 3 kwa siku kulikuwa desturi yake ya zamani, naye aliendelea nayo tu (Dan. 6:10).

Sisi walimu tunawajua wanafunzi wanaofungua daftari usiku wa kuamkia mtihani. Lakini tusiwacheke. Tangu tustaafu kengele haituamshi tena, na Sala ya Asubuhi tumeiacha mara nyingi, eti baridi. Juzi mwenye duka alituzidishia chenji. Tukafika nayo nyumbani, tukanyamaza. Jioni tulipopiga magoti maneno hayakutoka, mpaka tuliporudi dukani.