Ujira na Sadaka

Kanisani kwetu Newala tumelibishania sana swali hili: kumpa mjane unga, au kumpa kazi ya kubangua korosho na kumlipa, kipi ni huduma ya Kristo? Mimi mbanguaji nasema kazi, mradi ujira uwe wa haki. Kazi yenyewe si nyepesi: mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, ndiyo maana tunajipaka majivu mikononi. Anayempunja mjane wiki nzima kisha akampa msaada Jumapili, amemrudishia kilicho chake.

Lakini mgonjwa hawezi kubangua. Hapo namkumbuka Leader Stirling, daktari Mwingereza wa misheni ya UMCA, ile iliyofungua kituo Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Miaka ya 1930 alikuwa Lulindi akiwapasua wagonjwa katika majengo ya udongo na nyasi. Miaka ya 1970 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Na mgonjwa haulizwi dini kwanza: jipu halina dhehebu.

Basi na kazi je, tuwape waumini wetu tu? Wapo wanaotaka hivyo, nami nawapinga waziwazi. Katika kikundi chetu cha kubangua wengi ni Waislamu. Ijumaa adhuhuri wanakwenda msikitini, na ujira wao haukatwi.