Depo ya Baba Yako Inakunywa Maji

Juzi ulinipigia simu kutoka Butembo, mwanangu, ukaniambia mpangaji wa mlango wa tatu wa depo amechelewesha kodi miezi miwili, na kwamba ukishuka Kasindi utamtolea vitu nje. Sikukujibu vizuri. Nilikuwa nimechoka, na mambo ya namna hii hayasemeki kwa simu. Usingizi ukakataa. Alfajiri nikaenda kwenye depo kabla malori hayajaanza kunguruma, nikamkuta yule mpangaji amepandisha magunia yake ya chumvi juu ya mbao, na katikati ya magunia kuna beseni mbili. Alinisalimia, akamwaga maji nje, akazirudisha beseni mahali pake. Nilipomwuliza habari za kodi alinifungulia daftari lake, nikaona hesabu ya magunia yaliyolowa tangu mvua zilizopita.

Habari hiyo ndiyo nilitaka uipate kwanza.

Wewe uko Butembo kwenye baridi, na nyumba iko huku bondeni kwenye joto, kilomita zaidi ya 130 kwa kupitia Beni. Barabara hiyo naijua. Tumesubiri misafara ya askari ili tupite, na malori yaliyochomwa tumeyaona kwa macho yetu. Simlaumu mtu anayeogopa kuja. Lakini mwaka huu umefika mpakani mara ngapi kupokea mizigo yako, ukapita mbele ya depo bila kushuka garini?

Baba yako aliijenga kidogo kidogo, kwa matofali ya kuchoma na saruji ya Hima iliyovushwa Mpondwe, ng'ambo ya mpaka. Na chumvi aliijua. Chumvi ya Katwe ilivuka kuja huku tangu enzi za babu zetu, kabla mpaka haujawekewa barieri, na kila aliyewahi kuitunza ghalani anajua tabia yake. Inavuta unyevu wa hewa, inatoa maji, na maji yale yanapanda ukutani. Lipu inavimba na kubanduka. Misumari ya bati inakufa mapema, kisha vyuma vilivyomo ndani ya zege vinashika kutu, vinanenepa, vinaipasua zege kutoka ndani. Ukiona ufa kwenye nguzo una rangi ya kutu, ujue chuma kinaoza. Nimeuona ufa huo kwenye nguzo ya mlango wa tatu. Ndiyo maana baba yako aliwataka wapangaji wa chumvi na wa samaki wa chumvi waweke mbao chini na waache nafasi ya mtu kupita kati ya mzigo na ukuta. Kwa saruji ni vilevile: mfuko uliolala kwenye sakafu yenye unyevu unaamka jiwe. Na kakao ikilowa inaota ukungu, mnunuzi anaikataa.

Mvua kubwa zinaanza Machi, halafu zinarudi kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Mwezi mmoja kabla ya kila msimu mtu anapanda juu ya paa, na mwenye nyumba anasimama chini akiangalia. Mifereji inajaa majani na vumbi la barabarani. Maji yakikosa njia yanarudi nyuma chini ya bati na kuingia kwenye boriti. Kubadilisha misumari na kuziba matundu ni makuta machache. Boriti zikioza, unalipia paa zima. Siku hiyohiyo tazama nyaya za umeme zilizoungwa ovyo baina ya mlango na mlango, na shimo la choo.

Sasa, unasema utamtoa. Nchi yetu iliingia OHADA, jumuiya ya nchi zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na tangu hapo upangaji wa nyumba za biashara unafuata sheria ya jumuiya hiyo. Mfanyabiashara aliyefanya kazi katika jengo lako miaka miwili ana haki ya kuongezewa mkataba, na ukimnyima bila sababu nzito unamlipa fidia. Kwa deni la kodi, unampa kwanza onyo rasmi na muda usiopungua mwezi mmoja wa kujirekebisha, kisha hakimu ndiye anayeamua. Hata kama hamkuandikiana, upangaji ni upangaji. Na matengenezo makubwa sheria inayataja moja moja: kuta kubwa, boriti, paa, ukuta wa ua, hata shimo la choo. Hayo ni juu yako. Ukiyakataa, mpangaji anaweza kuomba mahakama imruhusu ayafanye, na wewe umrudishie pesa. Huyu hajaenda mahakamani. Amenunua beseni.

Najua kinachokupa haraka. Tangu waasi walipoitwaa Bunagana Juni 2022, na Goma Januari 2025, Kasindi imekuwa mlango mkubwa wa mpakani uliobaki mikononi mwa serikali katika mkoa wetu, na watu wanatafuta depo usiku na mchana. Unaona utapata mwingine kwa bei ya juu. Lakini kumbuka Januari 2023, bomu lilipolipuka kanisani hapa Jumapili watu wakiwa kwenye ibada. Milango yetu mitatu ilifungwa, wenye mali wakarudi Butembo. Huyu wa mlango wa tatu alifungua wiki ileile, na mwisho wa mwezi akaleta kodi.

Nikuambie jambo ambalo baba yako hakulisema mbele ya watu. Miaka ya Ebola, kazi ilipokuwa ngumu, nilikula pesa za garanti ambazo mpangaji mmoja aliziweka kwangu. Nilijiambia kwamba siku atakayotoka zitakuwa zimerudi. Akatoka mapema kwa sababu mke wake aliugua, akaja kudai garanti yake nami sina. Nilimzungusha miezi minne. Nilifika mahali pa kumhesabia ufa uliokuwapo kabla hajaingia. Baba yako aliposikia, alimlipa kutoka mfukoni mwake, kisha akaninunulia daftari mbili, moja ya kodi na moja ya garanti. Hakunigombeza. Hadi leo natamani angenigombeza.

Zile daftari ninazo. Katika ile ya kodi utaona kila mwezi, chini ya jumla, mkono wa baba yako: sehemu ya IRL, ushuru wa serikali kwenye kodi ya nyumba, halafu sehemu moja ya kumi, ameandika «ya nyumba». Aliitenga kabla hajapeleka kitu nyumbani kwake. Mwandiko huo unakoma mwezi aliofariki. Tangu hapo, mwanangu, miaka mitatu, kwenye ule mstari hakuna kitu. Pesa zote zimepanda Butembo.

Njoo kabla ya mwisho wa mwezi. Leta misumari ya bati pamoja na mipira yake, na fundi unayemwamini. Mpangaji nitamwambia kwamba unakuja. Habari za magunia yake na miezi miwili mtaziongea ninyi wawili, mkiwa mmekaa. Ngazi nimeshaazima kwa jirani. Magoti yangu hayapandi tena, lakini kuishika naweza.