Mizani ya Ng'ombe

Ewe msomaji, mtazame ng'ombe acheuaye kivulini huko Uriri, nchi ya miwa na mahindi katika Migori. Tumboni mwake vijidudu huchachusha majani, na katika kazi hiyo hutokea gesi iitwayo methani. Gesi hiyo haitoki nyuma, kama wenye mzaha wasemavyo, bali hasa kinywani, pamoja na mbweu. Kwa muda wa miaka 100, uzito wake hutia dunia joto mara 28 hivi kuliko uzito ule ule wa hewa ya ukaa.

Dawa mojawapo imo katika mimea. Majani ya kaliandra na desmodiamu yana ukakasi, na ukakasi huo, ukitiwa katika malisho kwa kiasi, huweza kupunguza methani. Ukizidi humnyima mnyama faida ya chakula chake. Wala desmodiamu si ngeni pande hizo. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa icipe huko Mbita, Homa Bay, wamefundisha kuipanda katikati ya mahindi, ili izuie kiduha, gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo. Kisha mkulima huikata akalisha.

Lakini kupunguza ni jambo moja, na kulaumu ni jingine. Nani mwenye hatia? Ng'ombe wa kienyeji, mdogo wa mwili na haba wa malisho, hutoa methani kidogo kwa siku kuliko ng'ombe mkubwa wa maziwa wa Ulaya. Basi ukihesabu kwa kichwa, yule wa Uriri ni mwema. Ukihesabu kwa lita ya maziwa, yeye ndiye mkosaji, kwa kuwa maziwa yake ni machache. Ng'ombe ni yule yule. Kilichobadilika ni mizani.

Nami naiona mizani ya lita ina upungufu mkubwa. Huyu ng'ombe hulima shamba, hutoa samadi, hulipa karo na mahari. Kwa nini mzigo wote wa pumzi yake utwikwe maziwa peke yake?

Mwenye ng'ombe akiambiwa apande kaliandra ili apate maziwa zaidi, ameshauriwa vyema. Akiambiwa aipande kulipa deni la dunia, yampasa aulize deni hilo limepimwa kwa mizani gani, na gharama ya miche ni juu ya nani.