Kwa nini alivaa miwani gizani?

Leo naomba unistahimilie, maana nitaanza na jambo ambalo pengine hukulitarajia katika ukurasa huu: mkanda wa video.

Mwaka 1987 nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, nasoma madrasa hapa Morogoro mjini, Mwembesongo. Zama hizo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vya mwanzo vilikuja mwaka 1994. Mwenye deki alikuwa tajiri, na tajiri mmoja wa mtaani kwetu aligeuza sebule yake kuwa ukumbi. Kiingilio shilingi kumi. Mikanda ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, picha imechakaa, maneno ya Kiingereza ambayo hatukuyaelewa, na hapakuwa na mtu wa kututafsiria. Hatukujali. Ngumi haihitaji mkalimani.

Siku moja, baina ya Maghrib na Isha, tulitoroka watano kwenda kumtazama Bruce Lee. Ule mkanda unaitwa Game of Death. Steringi amevaa nguo ya njano yenye mstari mweusi ubavuni, anapanda ghorofa moja baada ya nyingine, na kila ghorofa ina mlinzi wake wa kupambana naye. Huko juu kabisa anamkuta wa mwisho amekaa kitini, ndani ya chumba chenye giza, amevaa miwani ya jua. Mtu mrefu kupita kiasi! Alimpiga steringi teke, ukabaki unyayo mkubwa wa vumbi katikati ya kifua cha ile nguo ya njano. Ukumbi mzima tulinyamaza. Tulizoea kwamba steringi hafi, lakini safari hii tulitia shaka.

Kesho yake habari zilikwishamfikia Maalim wetu, mzee wa Kiluguru aliyeshuka kutoka Kinole, Allah (s.w.) amrehemu. Tulijua ni bakora. Badala yake akaketi kwenye mkeka, akasema, "Haya, nihadithieni." Tukamhadithia kwa mikono na miguu, mpaka tukasahau kuwa tuna kesi. Tulipofika kwa yule mtu mrefu, akatukatisha.

"Alikuwa ndani ya nyumba?"

"Naam, Maalim."

"Jua halimpigi?"

"Halimpigi, Maalim."

"Sasa miwani ya jua ya nini?"

Hakuna aliyejibu. Akatuchapa viboko viwili viwili, tukarudi kwenye Juzuu Amma.

Jibu lilikuwamo ndani ya mkanda wenyewe, ila sisi tulikuwa tunatazama mateke. Yule mtu macho yake yalikuwa hayastahimili mwanga. Steringi hakumuweza kwa nguvu. Alirushwa huku na huko kama gunia. Lakini katika purukushani dirisha likatoboka, miale ya jua ikaingia, na yule jitu akarudi nyuma akijifunika uso. Hapo Bruce Lee akaelewa. Akaacha kumpiga, akageukia madirisha, akayatoboa moja baada ya jingine. Chumba kilipojaa mwanga ndipo alipoweza kumkaba shingo na kummaliza.

Nilipokuwa mtu mzima nikaja kusoma mambo ambayo yalinifurahisha. Yule adui wa kwenye mkanda ni ndugu yetu katika imani. Ni Kareem Abdul-Jabbar, mcheza mpira wa kikapu wa Marekani, mwenye kimo cha futi 7 na inchi 2. Alisilimu mwaka 1968, na mwaka 1971 akalitangaza jina lake la Kiislamu mbele ya nchi nzima, wakati ambapo wengi hawakutaka kulisikia. Bruce Lee alikuwa mwalimu wake wa mapigano na rafiki yake; pambano lao lilipigwa picha Hong Kong mwaka 1972. Bruce Lee akafariki Julai 20, 1973, akiwa na miaka 32, filamu haijakamilika, na wengine wakaimalizia kwa kutumia watu wa kufanana naye hadi ilipotoka mwaka 1978. Humo Kareem anaitwa Hakim, jina lenye maana ya mwenye hekima, sijui nani aliyelichagua. Kwa hiyo mtu ambaye maishani mwake alisimama kwenye mwanga bila woga ndiye aliyeigiza mtu wa kuukimbia mwanga. (Sisemi, ndugu yangu, uache swala uende kutazama mikanda. Viboko vya Maalim bado navikumbuka.)

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2006 nilikuwa mweka hazina wa kamati ya msikiti wetu. Msikiti nautaja hivyo hivyo bila jina, kwa sababu kosa ni langu. Tulikuwa tunachangishana mabati, kwani masika yanapoteremka kutoka Uluguru, maamuma wa safu ya nyuma walikuwa wakisujudu kwenye maji. Zilipatikana shilingi 340,000. Fedha zilikaa kwangu nyumbani, katika kopo la maziwa. Mwanangu akarudishwa shule kwa ajili ya ada. Nikachukua 180,000. Nilisema moyoni nazikopa, nitazirudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika, na mwingine ukafika.

Ijumaa moja baada ya swala akasimama kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, mgeni mtaani kwetu. Kwa adabu kabisa akasema, "Mzee wetu mweka hazina, tunaomba tusomewe mapato na matumizi ya mabati."

Ndugu msomaji, nilisimama kama simba. Nilimuuliza yeye ni nani. Nilimuuliza alikuwa wapi wakati sisi tunabeba mawe ya msingi wa msikiti huu. Nilisema fitna huanza namna hii hii, vijana wanajifunza kitabu kimoja wanataka kuwahukumu wazee. Watu wakaniunga mkono, wengine wakasema takbir! Kijana akakaa chini. Ijumaa iliyofuata hakuonekana, wala ile ya baada yake. Nikasikia anaswali msikiti mwingine.

Nilishinda. Na wallahi sijapata kulala vibaya kama usiku ule niliposhinda.

Siku chache baadaye nilirudi nyumbani nikamkuta mwanangu, yule yule wa ada, anatazama CD aliyoazima. Nguo ya njano, mstari mweusi. Nikakaa kumtazama kidogo, na jitu lilipojifunika uso nikasikia sauti ya Maalim wangu, miaka kumi na tisa baadaye, ikiuliza miwani ni ya nini.

Ukali wangu siku ile ndiyo ilikuwa miwani yangu. Aliye safi akiulizwa hesabu hukasirika ya nini? Husoma daftari, akakaa chini. Sisi Waislamu tunajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii vita wala pepo. Inazungumzia kuandika madeni na kuweka mashahidi. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi na mali akaigawa mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) hakumuita chemba. Alipanda mimbari, akauliza mbele ya watu kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama hizo zawadi zingemfuata huko. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba kuuliza ni fitna.

Nikaandika karatasi. Mapato 340,000. Saruji na misumari 47,000. Kilichopo mkononi 113,000. Mstari wa mwisho nikaandika jina langu na 180,000, deni. Nilifika msikitini alfajiri kabla ya adhana, Bondwa bado imefunikwa na ukungu, nikaibandika mwenyewe ukutani panapowekwa viatu. Mkono ulitetemeka, siwezi kukuficha. Nikajiuzulu uweka hazina siku ile ile. Wapo walioacha kunisalimia. Nikalipa kidogo kidogo, nikamaliza Ramadhani ya mwaka uliofuata, na mabati yakapanda.

Kijana yule nilimfuata kwenye msikiti aliohamia. Nikaambiwa amemaliza masomo, amepangiwa kazi ya ualimu Lindi. Namba yake hakuna aliyekuwa nayo. Hata jina lake kamili sikuwahi kuliuliza, kwa sababu siku ile nilipomuuliza yeye ni nani sikuwa nataka jibu.

Mwanangu, kama gazeti hili linakufikia huko uliko, naomba radhi. Ukipita Morogoro, msikiti unaufahamu. Karatasi ya mwezi huu ipo, kushoto, ukishavua viatu.