Waliochelewa Njiani

Wanangu wa Isikizya, vikao vya kanisa nimekaa vingi, na miaka yote naona jambo lile lile. Kikao kimeitwa saa tatu asubuhi. Wajumbe wa Loya bado, pikipiki imezama kwenye tope la masika. Waliowahi, ambao mara nyingi neno wamekuja nalo mfukoni, wanatazama saa, wanasema akidi imetimia, wanapiga kura. Saa saba wenzao wanaingia na tope magotini, wanakuta mtu wao kishavuliwa uzee wa kanisa. Jumapili ya pili tuna makanisa mawili, kila moja na mwembe wake.

Siwalaumu sana. Wakubwa kuliko ninyi walifanya hivyo.

Mwaka 431 Kaisari Theodosio wa Pili aliwaita maaskofu Efeso, wakutane Pentekoste. Nestori wa Konstantinopoli aliona heri Maria aitwe Mama wa Kristo. Sirili wa Aleksandria akashika kwamba ni Mama wa Mungu, kwa kuwa aliyemzaa ni Mungu aliyefanyika mtu. Swali zito hilo, nalipenda mpaka leo. Lakini Yohane wa Antiokia na maaskofu wenzake wa mashariki, waliomwelewa Nestori, walikuwa bado njiani, safari ndefu ya nchi kavu. Sirili alingoja wiki mbili hivi, uvumilivu ukamwishia. Maaskofu zaidi ya 60 walimpinga, mjumbe wa Kaisari naye akampinga. Tarehe 22 Juni akafungua kikao, na siku hiyo hiyo Nestori akavuliwa uaskofu. Maharage yaliepuliwa yangali mawe.

Yohane alifika baada ya siku nne. Siku nne tu! Kwa hasira akaitisha kikao chake, akamvua Sirili.

Mwaka 433 hao wawili walipatana kwa maandishi, kumbe maneno ya kuwakutanisha yalikuwapo. Nestori hakurudishwa, alifia uhamishoni Misri. Kanisa la Mashariki lililomheshimu likabaki mbali na wenzake, hadi tarehe 11 Novemba 1994, Papa Yohane Paulo wa Pili na Patriaki Mar Dinkha wa Nne walipotia saini kwamba wanamkiri Kristo yule yule, na kwamba majina yote mawili ya Maria ni halali. Miaka 1,563 tangu Efeso, wanangu. Watu wamezaliwa na kuzikwa humo wakiitana wazushi.

Fundisho la Sirili nalikiri. Haraka yake ndiyo inayonihuzunisha, maana nawaona ninyi ndani yake, na nawapenda.

Nasi ni wajukuu wa wapagazi. Msafara kutoka Bagamoyo ulitembea miezi kama mitatu kufika Unyanyembe, kirangozi mbele, na mwenye mguu mbovu akiingia kambini jioni. Basi Jumamosi hii akina mama wainjike uji mwingi, kikao kianze watu wa Loya wakishafika, hata ikiwa alasiri. Na yule mzee mnayetaka kumwondoa aulizwe mbele yao, ajibu mwenyewe, asikilizwe mpaka amalize.